Mwenye Nguvu, Mwaminifu: Nasaha kwa Wanaokwenda Mafunzo kwa Vitendo



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, mwezi ujao wengi wetu tutatawanyika. Wa uhandisi watakwenda kwenye viwanja vya ujenzi, wa uuguzi wodini, wa sheria kwenye ofisi za mawakili, na sisi wa masomo ya Kiislamu tutapelekwa mashuleni na kwenye madrasa. Mhariri aliniomba niandike neno la kuwaaga. Nilikusudia kuandika juu ya kuhifadhi swala ugenini, na nitaigusa, lakini kuna jambo jingine limenikaa kifuani na sioni njia ya kuwausia wenzangu huku nikiliruka. Jambo lenyewe lilianza na simu ya dada yangu.

Dada huyu ni mtoto wa mama mkubwa. Sote ni watu wa Buyenzi, Bujumbura, ila wao baada ya miaka ya kambini Tanzania walipata kuhamia Kanada. Leo anasoma usanifu majengo katika Chuo Kikuu cha Waterloo, jimbo la Ontario. Chuo kile kilianza mwaka 1957, na tangu siku za mwanzo kilijengwa juu ya utaratibu wanaouita ko-opu: mwanafunzi anasoma muhula, kisha anatoka na kufanya kazi ya kulipwa muhula mzima, miezi minne, kisha anarudi darasani, kisha anatoka tena, mpaka amalize. Asili ya utaratibu wenyewe ni Marekani, Chuo Kikuu cha Cincinnati, mwaka 1906, ambako mwalimu wa uhandisi aitwaye Herman Schneider aliona kuwa kuna mambo ya kazi ambayo ubao wa darasani hauwezi kuyafundisha. Alianza na wanafunzi 27. Wasanifu majengo waliufuata baadaye.

Skuli ya usanifu ya Waterloo iko katika mji wa Cambridge, si ule wa Uingereza, kando ya mto Grand, ndani ya jengo lililokuwa kiwanda cha hariri. Dada anasema mwaka wa kwanza hulali: unachora, unakata kadibodi za vielelezo, walimu wanasimama mbele ya kazi yako na kuibomoa kwa maneno. Kisha unatafuta kazi. Hupewi. Unaandika barua, unapeleka michoro yako, unahojiwa, unakataliwa, unarudia. Ukipata, unaingia ofisini saa tatu asubuhi na watu wenye familia na mikopo ya nyumba, nao hawana muda wa kukuita mtoto mzuri.

Niliposimuliwa haya mara ya kwanza nilicheka. Buyenzi sisi tuna ko-opu ya gereji. Mtoto anapelekwa kwa fundi wa magari, anaanza kwa kuosha vyuma kwa petroli na kuleta chai, mwaka wa pili anaruhusiwa kushika spana, na siku fundi anapomwachia injini peke yake anajua amekuwa mtu. Tofauti ni kwamba wa gereji hapati cheti, na wa chuoni hapati kupigwa kofi.

Mhula huu wa baridi dada alipata kazi katika ofisi moja ya wasanifu. Kuhusu swala aliniambia hivi: mwezi wa Januari kule jua huzama kabla ya saa kumi na moja na nusu jioni, kwa hiyo adhuhuri na alasiri zote mbili zinaangukia ndani ya saa za kazi, na magharibi inamkuta njiani. Siku ya kwanza hakusema kitu, akaswali kwenye ngazi za dharura. Siku ya pili akamwendea msimamizi wake, akamwambia anahitaji dakika kumi mara mbili kwa siku na mahali safi. Yule mzee, asiye Muislamu, akamfungulia chumba cha sampuli, kule wanakoweka vigae, vipande vya mbao na mawe ya kuonyesha wateja. Basi dada yangu muhula mzima ameswali katikati ya vigae. Nawaambia hili kwa sababu wengi wetu tunaanza kwa kujificha, kisha tunaanza kuchelewesha, kisha tunakusanya swala nne usiku. Ombeni mapema, ombeni kwa adabu, na hizo dakika mzifidie kwenye chai. Swala nimemaliza.

Sasa simu.

Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri kwetu, nimeamka nikisubiri adhana. Kwao ilikuwa bado usiku uliotangulia. Nikaona jina lake, nikadhani kuna msiba.

"Mdogo wangu, upo macho?"

"Nipo, dada. Kuna nini?"

"Wewe si ndiye sheikh wetu? Nina swali."

Swali lilikuwa hili. Ofisi yake ilikuwa inachora jengo la kukutania wazee, la ghorofa mbili, na yeye alipewa ngazi kuu. Ngazi, ndugu zangu, ni kitu kidogo mpaka uanguke. Sheria za ujenzi za kule zinaweka kikomo, kwamba kidato cha ngazi ya jengo la watu wote kisizidi kimo cha milimita 180, na vidato vya mfululizo mmoja vinatakiwa vilingane. Sababu yake iko kwenye mguu wa mtu: ukishapanda vidato viwili, mguu unahifadhi kimo, na jicho linaacha kutazama. Kidato kimoja kikipungua au kuzidi, mguu unakikosa. Kwa kijana ni kujikwaa. Kwa bibi wa miaka 80 ni nyonga kuvunjika, na kwa umri ule nyonga ikivunjika wengine hawainuki tena.

Dada aligawa kimo chote sawasawa, akachora, akakaguliwa, ikapita. Baadaye mteja akabadilisha sakafu ya chini, ikawekwa tabaka nene zaidi chini ya vigae, likainua sakafu kwa milimita 40. Barua ya mabadiliko ilifika kwake. Aliisoma, akarekebisha sakafu katika mchoro mmoja, ngazi akaisahau. Kidato cha kwanza kikabaki kifupi kuliko vyenzake kwa milimita zile 40. Michoro ikatiwa muhuri, ikapelekwa kwa wakandarasi waweke bei. Wiki mbili baadaye, akiwa anatafuta kitu kingine kabisa, akaliona.

Hakuna mwingine aliyeliona. Zilikuwa zimebaki wiki tatu muhula wake wa kazi uishe, na mwisho wa muhula mwajiri anajaza fomu ya tathmini inayobaki kwenye faili la mwanafunzi. Waajiri wa mbele wanaitazama. Na kule ukiikosa kazi ya muhula unaofuata, karo inakuwa mzigo wa mama mkubwa, anayesafisha ofisi usiku.

"Nisemeje, mdogo wangu? Au ninyamaze? Pengine mkandarasi ataona mwenyewe."

Ndugu zangu, hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, maana mimi ndiye niliyeulizwa dini, na nilijibu. Nilimpenda dada yangu na nilikuwa na usingizi. Nikamwambia kuwa yeye ni mwanafunzi tu, aliyetia muhuri ni msanifu aliyesajiliwa, na dhamana ni yake. Nikaongeza kaida ya fiqhi tuliyosoma muhula uliopita: akikutana mwenye kutenda moja kwa moja na mwenye kusababisha, hukumu inaegemezwa kwa mtendaji. Niliitamka kwa Kiarabu. Nikamwambia amuombe Allah msamaha na amalize wiki zake tatu kwa amani.

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Sawa, sheikh." Akakata simu.

Niliswali alfajiri ile na moyo haukutulia. Baada ya darasa la fiqhi nikamfuata ustadhi wetu, nikamuuliza kana kwamba ni mas'ala ya kitabuni. Hakukasirika. Aliniuliza tu: "Huyo binti ni ajiri wa aina gani?" Nikajibu kuwa ni ajiri khasi, aliyekodiwa kwa muda maalumu afanyie mtu mmoja. "Na mkono wake katika kazi ya aliyemwajiri ni mkono gani?" Nikasema ni mkono wa amana: kitu kikiharibika kwake bila kuvuka mpaka wala uzembe, halipi. Akasema, "Sasa tufanye alikosea kwa kusahau. Tufanye hadaiwi hata senti. Wewe umemfutia deni ambalo huenda hakuwa nalo, na alilokuuliza siyo deni. Kakuuliza juu ya amana. Siku ile hajui, amesahau. Leo anajua. Akinyamaza leo, hilo halina jina la kusahau."

Nikatafakari njia nzima hadi hosteli. Hukumu ileile niliyoitumia kumfichia mdomo ndiyo iliyokuwa inamfungulia. Sharia imempunguzia mfanyakazi mwaminifu hofu ya kulipa ili apate nafasi ya kusema, "Nimekosea."

Nikarudi kwenye Sura ya Al-Qasas, kisa cha Nabii Musa (A.S.) Madyan. Tunakisoma sana kwa ajili ya dua yake chini ya kivuli, hasa wale wanaotafuta wachumba, lakini tazameni kilichofuata. Kijana huyu amelelewa katika jumba la Firauni. Kama kuna aliyepata malezi ya juu katika zama zake, ni yeye. Anatoka huko mkimbizi, hana kitu, anawanyweshea wanyama mabinti wawili bila kuombwa ujira. Mmoja wao anamshauri baba yake amwajiri, na anatoa sababu: mbora wa kumwajiri ni mwenye nguvu, mwaminifu. Wanazuoni wamehitilafiana kama yule mzee ni Nabii Shuaib au mtu mwema mwingine, na hilo tuwaachie wao. Mkataba ukafungwa: miaka minane, na akitimiza kumi ni kwa hiari yake, na Allah ni shahidi wa wanayoyasema. Katika Sahihi Bukhari, Ibn Abbas (R.A.) alipoulizwa Musa alitimiza upi, akasema ule mrefu. Na ndipo baada ya kutimiza muda, akiwa na ahli zake njiani, akauona moto upande wa Tur. Mtu wa jumba la kifalme alikaa miaka kumi ya kazi ya mikono, chini ya mwajiri, kabla ya kutumwa kwa Firauni.

Sifa ni mbili na zimekuja pamoja. Nguvu, na wafasiri wanaingiza humo ujuzi wa kazi yenyewe. Na uaminifu. Sisi vijana wa misikitini tuna ugonjwa wa kudhani ya pili inafidia ya kwanza. Kijana anakwenda ofisini hajui kazi, halafu anataraji ndevu zimtetee. Mtume wetu (S.A.W.) hakufanya hivyo. Ulipokuwa unajengwa msikiti wake Madina, alifika Talq bin Ali (R.A.) kutoka Yamama, na Mtume akaelekeza aachiwe kazi ya udongo kwa kuwa yeye ndiye aliyewashinda wote kuuchanganya. Imepokewa na Imam Ahmad. Pale walikuwepo maswahaba wakubwa, waliomtangulia Talq katika Uislamu. Udongo alipewa anayeujua udongo.

Na kuujua kunachukua muda. Mimar Sinan, msanifu mkuu wa dola ya Uthmaniya, tunaweka picha za misikiti yake kwenye majalada ya majarida yetu, alianza useremala jeshini. Alijenga mashua na madaraja vitani, na cheo cha msanifu mkuu alikipata mwaka 1538 akiwa karibu na miaka 50. Msikiti wa Şehzade pale Istanbul, uliokamilika 1548, inasimuliwa kuwa mwenyewe aliuita kazi ya uanafunzi wake. Süleymaniye, wa 1557, akauita kazi ya fundi wa kati. Umahiri aliuweka kwenye Selimiye ya Edirne, alipokuwa na zaidi ya miaka 80. Na kwa wanaotoka Waterloo hadi leo, shahada siyo mwisho. Anayetaka leseni ya usanifu Kanada anatakiwa aandikishe angalau saa 3,720 za kazi chini ya msanifu mwenye leseni, saa kwa saa, na msimamizi atie sahihi kwamba kweli zilifanyika.

Saa kwa saa, na sahihi. Nilipofika kwenye hilo ndipo nilipokamatika.

Maana dada hakunifuata. Nilipompigia jioni ile kumwambia nimekosea, aliniambia amekwisha sema. Asubuhi yake aliingia ofisini, akaifungua ile karatasi mbele ya msimamizi, akaweka kidole kwenye kidato cha kwanza, akasema ni kosa lake na amelijua tangu jana. Yule mzee alikaa kimya muda mrefu. Akapima mwenyewe. Akachukua simu, na kabla ya saa sita wakandarasi wote walikuwa wametumiwa karatasi ya marekebisho. Hakumgombeza wala hakumshukuru. Muhula ulipokwisha alimjazia tathmini ya daraja la kati, na ofisi haikumwita tena kwa muhula mwingine. Dada hajui kama ni kwa ajili ya ngazi au kwa sababu kazi zilipungua. Amehangaika wiki nyingi ndipo akapata sehemu nyingine, mbali na nyumbani, mshahara mdogo. Siwezi kuwaambia kuwa alisema kweli akafunguliwa milango. Niliyoyaona ni haya.

Nilimuuliza, "Dada, mbona hukunisikiliza?" Akacheka. Akasema, "Mdogo wangu, ulianza kwa Kiarabu kabla hujauliza wazee wangapi watapanda hizo ngazi."

Na mimi? Mwaka jana nilifanya mafunzo yangu ya wiki nane katika madrasa moja. Wiki mbili za mwisho kulikuwa na harusi nyumbani, nikasafiri, nikarudi nimechelewa. Siku nilizokosa ni tisa. Logibuku yangu haionyeshi hata moja. Niliandika masomo ambayo sikuyafundisha, "tajwidi, hukumu za nuni sakini", siku ambayo nilikuwa nakula pilau Buyenzi. Mudiri wa madrasa, mtu mwema mwenye kuniamini, alitia sahihi kurasa zote kwa mkao mmoja bila kusoma. Nikapata alama nzuri. Najua siko peke yangu, kwa sababu tulisaidiana kujaza hosteli, kalamu za rangi tofauti ili ionekane imeandikwa siku mbalimbali. Tulicheka sana usiku ule.

Sura ya Al-Mutaffifin tunaihifadhi tangu udogoni, na akili inakwenda sokoni kwa muuza mchele. Wale wanaojipimia kamili wanapopokea, na wanapowapimia wengine wanapunguza. Mimi nilipokea alama kamili za siku arobaini, nikapima thelathini na moja. Watoto wa ile madrasa ndio waliopunjwa. Walikaa siku tisa wakisoma peke yao, au hawakusoma.

Nimekwenda kwa mudiri. Hilo lilikuwa gumu kuliko mtihani wowote. Nilikaa kwenye mkeka nikamwambia, akanitazama, akasema, "Kijana, sahihi ni yangu, kwa hiyo umenitia na mimi." Sikuwa nimelifikiria hilo kabisa. Nilimwomba msamaha, nikamwomba anipe siku tisa za likizo nifundishe. Amekubali, nimekwisha kufundisha sita. Hukumu za nuni sakini sasa wanazijua, na mmoja wao, wa miaka minane, amenisahihisha mara mbili.

Kisha nikaenda kwa mhadhiri anayesimamia mafunzo. Aliniambia matokeo yamekwisha pitishwa na kwamba jambo hili hawezi kulimaliza peke yake. Huenda nikarudia mafunzo yote, na hiyo ina maana sitahitimu na wenzangu. Mama bado sijamwambia. Wale tuliojaza nao hosteli nimewaambia kuwa nitajitaja mimi tu. Wawili wamekasirika, mmoja amekuja usiku akauliza mudiri alinipokeaje, akaondoka bila kusema zaidi.

Kikao cha idara ni Jumanne ijayo. Nawaomba dua, na nyinyi mnaoondoka mwezi ujao nawaombea Allah awape nguvu na uaminifu, vyote viwili, na awape wasimamizi wenye chumba cha vigae.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.